Maua Aliyoachiwa Agronomu

Sijawahi kumwelewa Agronomu, na ni heri niseme hivyo mapema ili msomaji asije akanidai maelezo nisiyokuwa nayo. Tumekuwa majirani hapa Kasongo tangu nilipoolewa mtaa huu. Cherehani yangu inakaa barazani, na baraza yangu inatazama bustani yake moja kwa moja, kwa hiyo kila nikiinua macho kutoka kwenye sindano namwona yeye: ameinama, kofia ya ukindu kichwani, anagombana na kitu ambacho mimi, kutoka nilipo, sikioni. Anasema nacho. Anakitukana kwa Kifaransa. Halafu anasimama, anajishika kiuno, anatazama juu kama mtu mwenye swali, na anarudi kuinama.

Jina lake analo, lakini halitumiki. Mtaa mzima unamwita Agronomu, kwa sababu nguvu zake zote alizimaliza katika kazi ya kilimo ya serikali, akizunguka vijijini kwa baiskeli na kuwaelekeza watu namna ya kupanda pamba na mpunga kwa mistari. Huko upande wa Kabambare bado wanamkumbuka, na si wote wanaomkumbuka kwa wema. Mstari ukipinda, alikuwa anang'oa na kuamuru upandwe upya. Sasa mtu huyo huyo anaishi ndani ya bustani ambayo haina hata mstari mmoja ulionyooka. Mmea huu uko mlangoni peke yake, ule umeegemea jiko, maua meupe yametawanyika kila mahali kama punje zilizotupiwa kuku. Siku moja nilimchokoza, nikamuuliza ile mistari yake ilikwenda wapi.

"Si miye nilipanda," alinijibu, wala hakucheka.

Na kweli si yeye. Bustani ni ya mkewe. Mama yule ni Mbangubangu kwa kabila, wa kijiji cha Wamaza, mtu wa maneno machache, na maua aliyapanda enzi ambazo mumewe alikuwa bado na pumzi ya kubishana. Agronomu alitaka muhogo pale. Mbele ya wageni alikuwa anamwambia, "Maua haiko chakula," na wageni wanacheka, na mama anakwenda zake kuchota maji ya kumwagilia. Kisha mdogo wake akafariki kule Wamaza akaacha watoto wachanga. Mama akafunga mzigo kwenda kuwalea. Asubuhi ile nilikuwepo, maana gauni la safari nilimshonea mimi. Hakulia, hakumshika mtu mkono. Alipokwisha kukaa nyuma ya dereva wa pikipiki, alimgeukia mumewe.

"Unichungie maua," alisema.

"Vizuri," Agronomu alijibu, kama mtu aliyeambiwa afunge mlango.

Sote tulidhani atarudi baada ya mavuno. Lakini watoto hawakui kwa haraka, barabara ikaharibika, mara watu wenye silaha wako huku, mara wako kule, na mavuno yakapita mengine na mengine. Tangu asubuhi ile Agronomu ana kazi moja tu duniani: mkewe atakaporudi ayakute maua yake kama alivyoyaacha, yote, kila moja mahali pake. Mtu aliyeyasema vibaya maua yale kuliko wote ndiye aliyebaki nayo. Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuvurugika.

Maana mimi nilimwuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza. Wamaza si Ulaya. Kwa pikipiki, kiangazi barabara ikiwa imekauka, unafika, hata kama mgongo utakuchukia. Kwa nini asipande pikipiki akamwone mkewe?

Alinitazama kama niliyemtukana. "Na maua, nani atanyeshea?"

"Mimi nitanyeshea, Papa."

"Weye?" Alinipima kwa macho, mimi na cherehani yangu. "Weye unajua kushona."

Basi. Akabaki kuyalinda maua ya mkewe, na kwa sababu ya kuyalinda hakwenda kumwona mwenye maua. Nimeligeuza jambo hili huku na huku kama nguo iliyokatwa vibaya, sijapata upande wake wa mbele.

Kitu kingine ambacho sikielewi ni namna mtaalamu wa kilimo alivyoshindwa na kila kidudu kilichoumbwa. Enzi za pamba, wanasema, alikuwa akifika shambani anainusa mimea tu na kutaja ugonjwa. Hapa nyumbani panzi walimshinda, konokono walimshinda, kuku wa jirani walimshinda, na mbuzi ndio usiseme. Kila akishindwa alikuwa na neno lake moja, la kusema ni kawaida tu: "Iko normale." Jani limetobolewa kama chujio, iko normale. Ua limeliwa mpaka kikonyo, iko normale. Alilisema kwa sauti ya afisa anayefunga mkutano.

Nilimwambia mara moja kwamba pengine elimu ya pamba haifai kwa maua. Akafikiri sana.

"Pamba ilikuwa ya serikali," alisema. "Ikikufa, serikali njo inalia."

Upande wa maua hakuumalizia, akaenda kufukuza bata.

Kisa cha viwavi ni lazima nikisimulie, kwa sababu sijui kama kingeweza kumpata mtu mahali pengine. Kwenye uzio, upande wa kwangu, palikuwa na asumini ya yule mama, na kila jioni harufu yake ilikuwa inanifikia barazani bila kubisha hodi. Kiangazi fulani ilipandwa na viwavi. Wadogo, weusi, wengi. Agronomu alikuwa tayari na kopo la maji ya sabuni wakati shangazi yangu, aliyekuja kuchukua kikwembe chake, kitenge alicholeta kupindwa, alipoinua mikono juu akapiga kelele.

"Wee Papa, utaua chakula! Hii njo ile ya kula! Uache inone kwanza!"

Sasa, mtu wa Kasongo ukimwambia hiki ni kiwavi cha kula, mkono wake wenyewe unasimama. Viwavi vinanunuliwa sokoni kwa kugombaniwa, na mtu kuua viwavi vya kula ni kama kumwaga unga. Agronomu aliweka kopo chini. Nilimwona anapiga hesabu kichwani, na baadaye alinieleza hesabu hiyo bila aibu: kule porini viwavi hula mti wote mpaka ukabaki vijiti, kisha vinashuka, watu wanaokota, na mti unachipua tena mvua ikija. Kwa hiyo asumini italiwa, itachipua, na yeye atakuwa na mboga ya kuwakaushia watoto wa Wamaza. Alipendezwa sana na wazo la kumpelekea mkewe kitu cha kuliwa kilichotoka kwenye maua.

Akavichunga. Nasema kweli, alivichunga kama mifugo, akawafukuza ndege kwa fimbo. Kila siku shangazi alikuwa anapita na beseni kuuliza kama vimenona. Vilinona. Viliota na manyoya pia, jambo lililonitia wasiwasi, lakini mimi najua kushona. Siku ya kuvuna shangazi alikaanga vya kwanza hapo hapo uani, akatia pilipili, akaweka kimoja mdomoni, akasimama kutafuna. Tulikuwa tunamtazama wote. Akatema.

"Haiko yenyewe," alisema, akachukua beseni lake na kwenda nyumbani.

Agronomu alibaki na kundi la viwavi visivyolika na asumini iliyobaki vijiti. Kama ungekuwa mti wa porini, wenye mizizi mirefu, sawa. Lakini jua la kiangazi lilivikuta vile vijiti vikiwa uchi, na mvua ilipokuja hakikuchipua kitu. Alisema iko normale. Halafu akakaa kwenye mlango wa jiko mpaka giza likaingia, na mimi nilimhurumia sana.

Juma lililofuata uzio ulikuwa na mmea mwingine mwembamba, wenye maua meupe, ulioombwa kwenye uzio wa ofisi fulani ya serikali. Ukiwa mbali ungedhani ni asumini. Ulikuwa hauna harufu hata kidogo. Nilimwambia, "Papa, hii si yenyewe," akaweka kidole mdomoni kunionya, kama vile mkewe yuko nyuma ya ukuta anasikiliza.

Majivu nayo yalimfanyia kisa. Majivu ndiyo dawa yetu ya wadudu, kila mtu anajua, unanyunyiza shinani na siafu wanapitia kwingine. Alikwenda kuomba kwa mama mmoja, Mzimba kwa kabila, wa mwisho wa mtaa, na yule mama kwa ukarimu akamjazia ndoo. Hakuna aliyekumbuka kwamba mama yule bado anatengeneza chumvi ya kienyeji, ile ya kuchoma majani ya mtoni na kuchuja majivu yake, na ndoo aliyopewa ilikuwa ya majivu hayo. Agronomu akanyunyiza, akamwagilia vizuri juu yake. Baada ya siku chache yale maua ya majani mapana, yanayofanana na migomba midogo, yalianza kuungua pembeni mpaka yakakunjamana yote. Alizunguka, akapapasa, akanusa, mwishowe akakata kipande cha jani akakitia mdomoni.

"Imeisha kolea chumvi," aliniambia. "Inabaki kupika tu."

Hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akitania kuhusu maua yale. Kesho yake alisafiri kwa baiskeli kwenda kutafuta mengine.

Sasa joto. Kiangazi cha kwetu kina vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye chakula, na jua lake linakaa kichwani kwa mtu bila kusogea. Chemchemi inakuwa na foleni ya bidoni tupu, yale madumu ya maji, na wanawake wanamwona mzee mwanaume amesimama katikati yao na bidoni zake kwenye baiskeli. Walimcheka, wakazoea. Maji yote ya nyumba ile yalifanya kazi zaidi ya moja. Yaliyoosha mchele yaliosha miguu, yaliyoosha miguu yalikwenda kwenye maua. Hata kuoga alikuwa anaogea kwenye bustani, nyuma ya mkeka, akihama kutoka shina hadi shina ili kila mmea upate haki yake, na ukisikia anaimba ujue usitazame upande ule.

Kuna mwaka ambao maji hayakutosha. Majani yalikuwa yanalala mchana wote. Basi akafungua sanduku la mkewe, akatoa vikwembe alivyoviacha, vile vizuri vya kanisani, akavifunga juu ya vijiti, bustani nzima ikawa na kivuli cha rangi rangi. Mwenyewe akavua viatu, akakaa chini katikati, amechoka. Nilikuwa ndani natafuta uzi. Niliposikia kilio nikatoka mbio.

Mama mmoja wa parokia alikuwa amepita barabarani. Aliona vitambaa vimetandazwa uani, akamwona mzee amekaa chini bila viatu, na hapa kwetu uwanja ukitandikwa vile watu hawaulizi, wanaingia wanalia. Alijua msiba umefika kutoka Wamaza. Akajitupa chini kando ya Agronomu, akaanza kumlilia mkewe, sifa zake moja moja. Agronomu naye, kumwona mama wa parokia anaingia kwake analia na kulitaja jina la mkewe, alijua kanisa limemtuma na habari ya msiba. Akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mwanaume. Wawili hao walikuwa wameshikana, wanalia, kila mmoja anamfariji mwenzake kwa kifo alichopata kwa mwenzake. Watu wakaanza kuingia. Shangazi yangu alifika akiwa ameshafungua nywele.

"Nani alileta habari?" niliuliza.

Agronomu alimwonyesha mama wa parokia. Mama wa parokia alimwonyesha Agronomu.

Ilichukua muda. Nililazimika kuwaweka mbali, kuwauliza mmoja mmoja kama hakimu, na hata walipokwisha kuelewa kwamba hakuna aliyekufa hawakuweza kuacha kulia mara moja. Watu waliondoka wakiwa na hasira kidogo, kama walioitwa kwenye sherehe wakakuta hakuna chakula. Agronomu aliosha uso kwa maji machache, na yaliyobaki akayamwagia mmea wa mlangoni. Siku ile nilifikiri nimemwelewa. Nilifikiri: anampenda huyu mama, basi, mambo yamekwisha. Lakini keshoye nilimwambia, "Papa, nenda ukamwone," na alinijibu vilevile, kwamba maua nani atanyeshea.

Alikuwa bahili nayo kupita kiasi. Maharusi walitumwa kuomba, wakarudi mikono mitupu. Padri aliomba ya altare, akaambiwa Mungu ameshapewa porini pote. Kisha siku moja akapita mwanamume na mkewe, wageni, wachimbaji dhahabu waliotoka Salamabila, wamebeba mtoto wao aliyefia njiani, wanatafuta mahali pa kuzika. Hawakuomba kitu. Agronomu alitoka na kisu, akakata maua meupe yote, yote kabisa, akawafuata nayo hadi kaburini. Aliporudi alisimama mbele ya mashina matupu, na hofu ilimwingia. Jioni yote kila pikipiki ikipita anakwenda barabarani kutazama. "Akirudi leo nitasema nini?" aliniuliza. Nikamwambia amwambie ukweli. Alinitazama kwa mshangao, kama vile sikuwa nimewahi kuishi na mume.

Ukweli ndio uliokuwa hauwezekani, kwa sababu ya simu. Kule Wamaza mtandao ulikuwa unashikwa juu ya kilima tu, na mama alikuwa anapanda kilima siku za soko. Siku hizo Agronomu alivaa shati safi. Simu ilikuwa yangu, yake ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo tuliweka sauti kubwa na nilisikia yote, nitake nisitake. Mama aliuliza afya kwa haraka. Kisha alianza kuyauliza maua, moja moja, kama anayeuliza watoto.

"Rose ya pa mlango?"

"Iko."

"Asumini?"

"Iko. Inanukia mpaka kwa fundi."

Hapo aliniangalia, na mimi nikaangalia sindano.

"Ile ya majani minene?"

"Iko yote, Mama. Iko sawa vile uliacha."

"Aksanti," alisema mama, na simu ikakatika, kwa sababu kilima kile kina upepo wake.

Waridi la mlangoni wakati ule bado lilikuwepo. Ndilo pekee nililoweza kuapa kwamba ni lile lile. Lakini kiangazi kilichofuata mchwa walipita chini kwa chini, wakala mizizi, na siku aliyolishika ili kulifunga kijiti lilitoka lote mkononi kama jembe lililochomoka mpini. Alisimama nalo. Hakusema iko normale. Alilizika nyuma ya jiko, na pale mlangoni akachomeka kijiti cha ua jingine jekundu, lile kubwa la uzio wa misheni, lisilo na miiba. Kijiti kilishika. Siku ya soko simu ililia, na swali la kwanza likaja.

"Rose?"

"Iko," alisema.

Tangu hapo mpaka mwisho nilikuwa na hesabu yangu ya kimya. Hapakuwa tena na mmea hata mmoja pale ambao mama yule aliupanda kwa mkono wake, ukiacha yale meupe yanayojiotea, na hata hayo nani ajuaye. Mzee alikuwa analinda kwa jasho bustani ambayo ilikwisha kufa, na aliyoipanda yeye kipande kwa kipande bila kukiri. Je, huyu ni mtu mwaminifu kupita wote, au ni mwongo? Nilimuuliza mume wangu, akasema nishone nguo za watu.

Mama alikuja kiangazi kilichopita, bila kutangaza. Ilikuwa alasiri, jua limeanza kupungua makali. Pikipiki ya Kabambare ilisimama mbele ya nyumba, imejaa vumbi, na nyuma ya dereva alikuwepo yule mama, ameshikiliwa na binti mkubwa, mmoja wa wale aliokwenda kuwalea. Alikuwa amekonda, nywele nyeupe chini ya kitambaa. Nilisimama barazani. Nikaona namna alivyoshuka: mguu ulitangulia kuitafuta ardhi, ukaigusa, ndipo mwili ukafuata.

Agronomu alikuwa na sufuria ya maji mkononi, hana shati. Aliiweka chini polepole sana. Macho yake hayakwenda kwa mkewe kwanza, yalizunguka bustani yote, mmea kwa mmea, kama mwanafunzi ambaye mkaguzi ameingia na yeye hajafuta ubao.

"Mama," alisema. "Karibu."

Mama aligeuza uso upande wa sauti, akakosea kidogo, akawa anautazama mlango.

"Papa," binti alisema kwa sauti ya chini, "macho yake haione tena. Ni ukungu ulifunika. Alitukatazaka kusema."

Sikujua nani nimtazame. Miaka yote ile ya simu, mmoja alikuwa juu ya kilima anaficha macho, na mwingine alikuwa kwenye baraza yangu anaficha maua. Agronomu aliufuta mkono wake kwenye suruali, akaushika wa mkewe.

"Unipeleke ku maua," mama alisema. Maji ya kunywa alikataa, kiti alikataa.

Wakaanza kutembea. Mimi nilikuwa nimeshika uzio kwa mikono miwili, sikuona haya.

"Hapa njo pa mlango," alisema Agronomu. "Rose yako hii."

Mama aliinama, akapapasa shina kutoka chini hadi juu, bila haraka. "Miiba yake iko wapi?"

"Miiba ilianguka. Sababu ya jua."

"Ehe," alisema mama.

Kwenye uzio alisimama akavuta pumzi, akavuta tena. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona pua zake zikitafuta. "Asumini haitoe harufu."

"Inatoaka mangaribi," alijibu mumewe, na jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni. "Ungoje kidogo."

"Ehe."

Wakaenda kwenye majani mapana, ambayo hayakuwa mapana tena, ilikuwa ni mimea mingine kabisa, wakaenda kwenye maua meupe, wakaenda mpaka mwisho. Kila mahali alimwambia hii ni ile yako, na hii ni ile yako, na mama kila mahali aliinama na kugusa, akaitikia. Nilitaka kupiga kelele, sijui kumwambia nani nini. Nilimhurumia yule mama anayedanganywa, nikamhurumia zaidi anayedanganya, maana sijaona mtu aliyesema uongo kwa taabu namna ile.

Walipomaliza, mama alisimama katikati ya bustani. Mkono wa mumewe hakuuachia. Aliupapasa kwa ule mwingine, kiganja, vidole, mahali palipopasuka na mahali palipoota sugu, kama alivyokuwa amepapasa yale mashina.

"Basi," alisema. "Maua yangu nimeyaona yote. Sasa unionyeshe yako."

Kuku mmoja aliingia kwenye maua meupe akaanza kuchakura, na Agronomu hakumfukuza. Kisha alimgeuza mkewe taratibu, akamwongoza kurudi walikotoka, mpaka mlangoni, na akauweka mkono wake kwenye ule mmea usio na miiba.

"Hii haiko rose," alisema.

"Najua," alisema mama. "Endelea."